Sabufa mbili za inchi 12 kwenye IST: amplifaya ipi inazifaa?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nina IST ya 2004, nimenunua sabufa mbili za inchi 12, kwenye boksi imeandikwa MAX 1400W, RMS 400W, koili mbili za omu 4 kila moja. Muuzaji ananipa amplifaya ya chaneli nne imeandikwa 3000W, bei yake nafuu. Jamaa yangu anasema nisinunue hiyo nitafute monobloku. Mwingine kaniambia amplifaya ikizidi sabufa zinaungua, ila mimi mwezi wa 12 niliunguza sabufa yangu ya kwanza na amplifaya ilikuwa ndogo tu, sasa sielewi nimuamini nani. Nisaidie nisije nikatupa hela tena.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, pole kwa hiyo iliyoungua. Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa hela, maana wengi wanaokuja kwangu wanakuja gari lina kila kitu nyuma na wameshalipa, inabidi niwaambie walichonunua hakiendani, na hiyo kazi siipendi hata kidogo, mtu kajinyima miezi afu unamwambia arudi dukani.

Jibu fupi uende nalo dukani hata kesho: tafuta monobloku (amplifaya ya chaneli moja ya kupiga sabufa) ya klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kama joto) ambayo kwenye karatasi yake imeandikwa inatoa kati ya wati 700 na 1000 RMS kwenye omu 1, sabufa zako zote mbili zifungwe paraleli (nitakueleza chini) zifike omu 1. Hiyo ya chaneli nne ya 3000W iache hapohapo kwenye shelfu. Sasa nikueleze kwanini, kwa sababu ukielewa hapa hakuna muuzaji atakayekubabaisha tena, na utaelewa pia sabufa yako ya kwanza ilikufa na nini.

Tuanze na hizo namba. 1400W MAX isahau kabisa, ifute kichwani. RMS ndo wati ambazo sabufa inaweza kubeba muda mrefu bila koili kushika moto wa kuiharibu, na kwa upande wa amplifaya ndo wati inazotoa mfululizo bila kuchafua sauti. MAX ni ya kufumba na kufumbua, na kwa mashine nyingi za bei rahisi hata hiyo ya kufumba na kufumbua haipo, ni wino tu kwenye boksi. Wamarekani waliliona hilo tatizo zamani, mwaka 2003 chama chao cha vifaa vya elektroniki kikatoa kipimo kinaitwa CEA-2006, kwamba amplifaya ya gari ipimwe kwa volti 14.4, kwenye omu 4, na uchafu wa sauti usizidi asilimia 1, ndo wati zitangazwe. Siku hizi kinaitwa CTA-2006. Ukikuta nembo hiyo kwenye boksi na una uhakika mzigo sio feki, hizo namba zichukue. Ila Kariakoo na hata huko kwenu Morogoro mashine nyingi hazina hiyo nembo, kwa hiyo nakupa njia ninayotumia mwenyewe.

Geuza amplifaya uangalie fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Tuseme hiyo ya 3000W ina fyuzi mbili za ampea 30, jumla 60. Gari likiwaka umeme wake uko karibu volti 13.8, ukizidisha 60 mara 13.8 unapata wati 828, na hizo ndo zinazoingia, sio zinazotoka. Mashine ya chaneli nne nyingi ni klasi AB na hizo zinapoteza karibu nusu ya umeme kama joto, ndo maana bodi yake inachemka mpaka huwezi kuweka mkono. Kwa hiyo kinachotoka ni kama wati 450 kwa chaneli zote nne ukijumlisha. Wati 3000 zinatoka wapi? Hazitoki popote. Monobloku ya klasi D inageuza asilimia 75 mpaka 85 ya umeme kuwa muziki, kwa hiyo yenye fyuzi za jumla ampea 80 ni 80 mara 13.8, unapata 1104, chukua asilimia 80 yake unabaki na kama 880. Hiyo ukiambiwa ni ya 800 RMS unaweza kukubali. Sio kipimo cha maabara lakini kinachuja uongo mwingi sana, na hakihitaji chombo chochote zaidi ya macho yako na kalkuleta ya simu.

Sasa omu. Hapa ndo watu wengi wanapotea, na hapa ndo sababu kubwa ya kuikataa hiyo ya chaneli nne hata kama ingekuwa na wati zake kweli.

Omu ni ugumu ambao sabufa inaupa umeme kupita. Fikiria bomba la maji: ukiunganisha mabomba mawili yakawa moja refu maji yanapita kwa shida zaidi, ndo sirizi, omu zinajumlishwa. Ukiyaweka mawili kandokando maji yanapita kirahisi zaidi, ndo paraleli, na kama yanalingana omu zinakuwa nusu. Sabufa yako moja ina koili mbili za omu 4. Kwa hiyo sabufa moja inaweza kuwa omu 8 ukifunga sirizi au omu 2 ukifunga paraleli, basi, haiwezi kuwa omu 4 ukitumia koili zote mbili. Ukizichukua zote mbili zenye koili nne unapata machaguo matatu: koili zote nne paraleli ni omu 1, mbilimbili sirizi afu sabufa kwa sabufa paraleli ni omu 4 (hata ukianza na paraleli ukamalizia na sirizi inakuja 4 hiyohiyo), na zote nne sirizi ni omu 16 ambayo hakuna anayeitumia kwenye gari.

Rudi kwenye chaneli nne ya muuzaji. Ili ipige sabufa inabidi chaneli zibrijiwe, yani mbili ziungane kuwa moja. Mashine ya kawaida inayostahimili omu 2 kwa kila chaneli, ukiibriji mwisho wake ni omu 4, kwa sababu kila chaneli inaona nusu ya mzigo. Sasa ukitaka kila sabufa ikae kwenye jozi yake ya chaneli una omu 8 au omu 2. Kwenye 8 ni salama ila kila jozi inatoa kidogo, utasikia besi hafifu. Kwenye 2 kila chaneli inaona omu 1 ambayo haikutengenezewa, itachemka, itajizima kwa protekti ukiwa na bahati, ukikosa bahati zinaondoka transista. Njia nyingine salama ni kufunga zote mbili kwa omu 4 kwenye jozi moja, na hapo jozi ya pili imekaa bure na sabufa zako za wati 800 zinapata labda 200. Jamaa yako kakwambia ukweli. Chaneli nne ni mashine nzuri sana kwa spika za milangoni, tena ukipata hela baadaye nakushauri uinunue kwa kazi hiyo, ila sio kwa hizi sabufa.

Na jambo la kuangalia kwa makini dukani: sio kila monobloku inastahimili omu 1. Zipo nyingi mwisho wake ni omu 2, na kwa nje zinafanana kabisa. Kwenye karatasi tafuta mstari unaosema wati kwa omu 4, wati kwa omu 2, wati kwa omu 1. Kama mstari wa omu 1 haupo, maana yake haifai kwa omu 1, hata muuzaji aape. Ukiikuta nzuri ya aina hiyo na bei imekushawishi usiifunge omu 1, ifunge omu 4 uchukue kile inachotoa hapo. Kwa mfano ikitoa wati 400 kwenye omu 4, umepoteza nusu ya wati za sabufa zako, lakini sikio halisikii nusu. Ukipunguza wati kwa nusu sauti inashuka desibeli 3, unasikia imepungua ila sio nusu ya sauti, wala hailingani na pengo unaloliona kwenye karatasi. Ndo maana pia usijiue kutafuta ya 1000 badala ya ya 800, tofauti yake ni desibeli 1 tu, weka hiyo hela kwenye waya, nakuja huko.

Sasa sabufa yako ya mwezi wa 12. Huyo aliyekwambia amplifaya ikizidi ndo inaunguza hajakosea kabisa, ukiipa koili ya wati 400 wati 1000 kwa muda mrefu itaungua. Ila kwa hesabu ya meza yangu, sabufa nyingi ninazoletewa zimeungua zilikuwa na amplifaya ndogo. Mtu ana mashine ya wati 200, anataka sauti ya wati 500, anazungusha geini (kitasa cha amplifaya, nakuja kukieleza) mpaka mwisho, anaongeza na besi busti (kitasa cha kukuza besi), redio nayo iko juu kabisa. Ile mashine ina kikomo cha volti inachoweza kutoa, ukiidai zaidi haitoi zaidi, inakata kichwa cha wimbi. Wimbi lililotakiwa kuwa na mgongo wa duara linakuwa bapa kama meza, na wimbi bapa la kimo kilekile linabeba mpaka mara mbili ya nguvu ya wimbi safi. Kwa hiyo ile ya wati 200 inasukuma kama 400 za uchafu, na nyingi zinageuka joto kwenye koili. Joto linapanda, gundi inalainika, inaanza ile harufu ya vanishi iliyoungua, ukiisikia hiyo harufu zima hapohapo usisubiri wimbo uishe.

Kuna bwana mmoja aliniletea gari, kwa mwaka mmoja alishabadilisha sabufa tatu, kila ikiungua anapelekwa kununua yenye wati kubwa zaidi, na hakuna hata fundi mmoja aliyegusa amplifaya. Nilipofungua nikakuta geini iko mwisho, besi busti mwisho, na kwenye redio lauda (kile kitufe cha kukuza besi) imewashwa. Sikumuuzia kitu siku ile. Nilirudisha vyote chini nikapima, aliondoka na sauti ndogo kidogo kuliko aliyozoea lakini safi, na ile sabufa ya nne iko hai mpaka leo. Iliniuma kwa sababu zile tatu zote zingepona kwa dakika kumi za mita, kile kipima umeme. Na yako ilikufa hivyohivyo, naweza kuthubutu kusema, ukinikumbusha geini ilikuwa wapi.

Kwa hiyo amplifaya ya wati 800 mpaka 1000 RMS kwa sabufa zako zenye jumla ya 800 haina shida yoyote, ilimradi geini iwekwe kwa kipimo. Mimi napenda izidi kidogo kuliko ipungue, inafanya kazi bila kuhema.

Geini sio volyumu, hilo naomba ulishike sana. Ni kitasa cha kuilinganisha amplifaya na nguvu ya redio yako. Naamini redio yako sio ile ya Kijapani iliyokuja na gari, maana nyingi zinaishia 90 kwenye FM na wengi wanazibadilisha mapema, kwa hiyo nadhani una ile ya Android yenye kioo kikubwa. Hizo zinatoa volti ndogo kwenye waya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio kwenda amplifaya), nyingi ni karibu 2 au chini ya hapo, wakati redio nzuri inatoa 4 na zaidi. Usishangae geini yako ikikaa juu kuliko ya rafiki yako, haimaanishi mashine yako mbovu.

Unaiweka hivi. Chomoa sabufa kwenye amplifaya, usizisahau hapo. Geini chini kabisa, besi busti sifuri, kwenye redio lauda zima na ekwalaiza weka bapa. Pakua toni ya 50 Hz, iweke kwenye fleshi, sio kwa Bluetooth. Gari liwe linanguruma. Panda volyumu ya redio mpaka robo tatu, kama mwisho ni 40 basi 30, na hapo ndo utakuwa mwisho wako siku zote. Weka mita kwenye volti za AC, gusa zile terminali za spika za amplifaya, afu zungusha geini polepole mpaka isome namba yako. Namba yako ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 800 kwenye omu 1 ni kipeuo cha pili cha 800, yani volti 28. Ukifunga omu 4 kwa wati 400 ni kipeuo cha pili cha 1600, yani volti 40. Ukishafika acha, weka alama na mkorogo wa rangi ya kucha pale kwenye kitasa ili mtu akigusa ujue. Zima, rudisha sabufa. Kama amplifaya imekuja na kile kirimoti cha besi cha kuweka dashibodi, wakati wa kupima kiwe mwisho, ili baadaye kazi yake iwe kushusha tu.

Filta ya amplifaya inayopitisha besi tu (LPF) iweke kwenye 80 Hz, na spika za milangoni kwenye redio zikate chini ya 80 hiyohiyo, zitashukuru na sauti za waimbaji zitasafika hapohapo. Kama boksi lako lina bomba, washa na ile filta ya sabusoniki chini kidogo ya tuning ya boksi (masafa ambayo bomba lake limepangiwa), likiwa 35 Hz weka 30, kwa sababu chini ya hapo boksi linaiachia sabufa na uso wake unaruka bila breki.

Umeme sasa, na hapa ndo naona watu wanabana hela pasipostahili. Wati 800 kwa mashine ya klasi D ya asilimia 80 zinahitaji wati 1000 kutoka kwenye gari, gawa kwa 13.8 ni ampea 72. Hiyo ni ukipiga toni mfululizo, muziki wa kawaida wastani wake ni kama theluthi yake au chini, lakini besi inapopiga inavuta zote kwa mkupuo. Altaneta za gari ndogo kama yako ziko kwenye ampea 70 mpaka 100 hivi, na humo zinalisha taa, AC, pampu ya mafuta, kila kitu. Kwa hiyo 800 ni sawa kwa IST kwa muziki wa kawaida, lakini huo ndo ukingo wako, akija mtu na mashine ya 2000 RMS ya kweli kwenye gari hiyo bila kubadilisha altaneta usimkubalie.

Kutoka betri mpaka buti la IST ni waya wa kama mita 5 ukiufuata ubavu wa gari. Waya wa geji 4 wa shaba tupu, wenye unene wa kama milimita za mraba 21, ukipitisha ampea 72 unapoteza volti 0.3 tu njiani. Ule wa geji 8 unapoteza kama 0.75, hiyo ni volti amplifaya inaikosa kila besi ikipiga, na waya unapata joto chini ya kapeti. Na sio kila ulioandikwa geji 4 ni geji 4. Kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, ndo umejaa kwenye zile seti za waya za elfu chache, kwa nje unang'aa vilevile. Chukua kisu kwangua uzi mmoja, ukiona nyeupe ndani ni aluminiamu, inapitisha umeme karibu asilimia 60 tu ya shaba. Usinunue, au kama huna namna chukua mnene zaidi, yani geji 2 badala ya geji 4. Wengine wanaficha kwa plastiki, ganda nene ndani nyuzi chache, kwa hiyo angalia nyuzi usiangalie unene wa ganda.

Fyuzi ya ampea 80 iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 45, na hili naomba usibishane nalo. Sio ya kulinda amplifaya, ni ya kulinda gari lisiwake moto, waya ukichubuka pale unapopita kwenye chuma cha faya woli (ukuta kati ya injini na kabini) ukagusa bodi, betri inamwaga kila ilichonacho kwenye ule waya mpaka plastiki ishike moto. Nimeona magari yana fyuzi nyuma kwenye buti karibu na amplifaya na mbele hamna kitu, mita tano za waya hazina ulinzi wowote na watoto wamekaa juu yake. Pale unapopita kwenye tundu la chuma weka mpira. Waya wa hasi wa kwenda kwenye bodi uwe unene uleule, mfupi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti kwenye chuma cha gari lenyewe sio kwenye bolti ya siti. Waya za RCA zipitishe upande mwingine wa gari mbali na waya wa umeme, vinginevyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka kila ukikanyaga mafuta.

Betri, IST nyingi hapa zinatembea na NS40, ndogo hiyo, inashika kama ampea-saa 35. Ikichoka badilisha na NS60 kama kitako kinaruhusu, na usipige muziki mkubwa gari likiwa limezimwa ukategemea kuwasha asubuhi. Taa zikipepesa kila besi ikipiga muuzaji atakwambia ununue kapasita ya faradi 1. Fanya hesabu kwanza: ikishuka kutoka volti 14 mpaka 12 kapasita hiyo inatoa jouli 26, na mashine yako inakula wati 1000, yani imekusaidia kwa sekunde 0.026. Hela hiyohiyo nunua waya mnene uongeze njia tatu, altaneta kwenda chanya ya betri, hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Utaona mabadiliko kwenye taa siku hiyohiyo.

Boksi sitaliongelea sana ila linabeba sauti kuliko hata hizo wati tunazohangaika nazo. Fuata lita zilizoandikwa kwenye karatasi ya sabufa, nyingi za inchi 12 zinataka kama lita 28 kila moja kwa boksi lililofungwa, la bomba karibu mara mbili yake. Kwa buti la IST ningeenda na lililofungwa, linaingia, na kwa kuwa gari ni dogo na kabini imeungana na buti, chini kabisa linajazia lenyewe. MDF au plaiwudi nzuri ya milimita 18, gundi kila kona, sabufa zielekee nyuma.

Kwenye kufunga waya angalia chanya na hasi kwa kila koili. Koili moja ikigeuka ndani ya sabufa moja zinapigana, uso hausogei na joto linabaki humo. Sabufa moja ikigeuka dhidi ya mwenzake besi inapotea, unafungua mlango unasikia ipo, unafunga unasikia haipo. Chukua betri ya rimoti ya volti 1.5, gusa chanya kwa chanya kwa sekunde moja, uso utoke nje kwa koili zote nne.

Ukimaliza kufunga na kabla hujachomeka kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu, gusanisha kwanza vichwa vyake uone inasoma ngapi peke yake uitoe, kisha pima zile waya mbili za mwisho zinazokwenda kwenye mashine. Koili ya omu 4 kwa mita husoma pungufu kidogo, kama 3.5 hivi, kwa hiyo zote nne paraleli zisome kati ya 0.8 na 1. Ikisoma 3.5 umefunga kwa omu 4 bila kujua, sio hatari, rekebisha tu. Ila ikisoma 0.4 usiwashe, fungua upime koili mojamoja, maana zipo sabufa ambazo boksi limeandikwa omu 4 na ndani zimewekwa koili za omu 2, na ukizikuta ni hizo zifunge upya, kila sabufa koili zake sirizi, afu sabufa kwa sabufa paraleli, utapata omu 2, na amplifaya hiyohiyo ya omu 1 itazipiga bila wasiwasi.